Vishindo vya Saa Kumi Alasiri

Mama Kulwa amekufa, na kwenye msiba wake watu wamenicheka. Nilitoka Shinyanga alfajiri, nikabadilisha magari mara tatu, nikafika Buseresere miguu imevimba, na kabla sijaketi vizuri kwenye mkeka wa kina mama, binti yake Doto akanishika mkono akawaambia wenzake, "Huyu ndiye yule bibi aliyekuwa anahesabu baruti. Mama hakuchoka kutusimulia." Wakacheka, kicheko kile cha msibani cha kupumzisha macho, nami nikacheka nao, maana mtu wa umri wangu akinuna mbele za watu anaonekana mchawi. Waliyoyasikia kwa mama yao yalikuwa ya kuchekesha kweli, na marehemu alijua kusimulia. Lakini yapo aliyoyaacha, mengine kwa wema wake, mengine kwa kuwa hakuyajua, na hayo ndiyo yaliyoninyima raha tangu niliporudi nyumbani. Mjukuu wangu aliyesomea uuguzi ananiambia kuhesabu kule ni maradhi yenye jina, na wanaougua ni wengi kuliko ninavyodhani. Aliniandikia jina lenyewe kwenye karatasi. Nililisoma mara moja, nikaiweka karatasi ndani ya Biblia, na ninajisifu kusema kwamba sijarudi kuhakikisha kama bado ipo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza. Nilikuwa na miaka kama kumi na tisa, nimeolewa na Masanja miezi miwili tu. Sitaeleza nilivyoolewa wala ng'ombe walikuwa wangapi; hayo walizungumza wazee na wameshakwenda nayo. Tulipanda treni Shinyanga hadi Mwanza, tukavuka ziwa, tukapanda lori la mizigo mpaka kambi ya mgodi kwenye vilima vya Geita, mimi nimekaa juu ya magunia ya mchele nimekumbatia sufuria mbili za harusi. Nyumba tuliyopewa ilikuwa vyumba viwili katika safu ndefu ya nyumba zilizoshikana, bati juu, saruji iliyopasuka chini, na ukuta uliotutenga na jirani haukufika kwenye bati. Ulikomea mahali ambapo mwanamume mrefu angeweza kutundika kofia yake, kwa hiyo harufu ya nsansa, ile mboga ya kunde iliyokaushwa, ikipikwa kwa jirani ilikuwa yetu pia, na ugomvi wetu ulikuwa wao. Jiko lilikuwa kibanda cha nyuma chenye mafiga matatu. Niliipenda sana nyumba ile. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia maradhi hudhani palikuwa na huzuni, na haikuwa hivyo. Masanja alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kucheka kwa puani, na jioni alikula nami sinia moja, jambo ambalo wanaume wengi wa kambi waliliona ni kumdekeza mke.

Masanja alikuwa fundi baruti, na cheti chake kilitundikwa ukutani kwa msumari, juu ya kitanda, mahali ambapo nyumba nyingine waliweka msalaba. Watu weusi wenye cheti kile walikuwa wachache, naye alikisomea kwa miaka, hesabu na maandishi, akiwa bado msukuma matoroli. Kazi yenyewe alinieleza wiki ya kwanza, kwa vidole, juu ya sinia la ugali. Watoboaji wanatoboa matundu kwenye mwamba tangu asubuhi. Yeye anayajaza baruti, anakata tambi kwa urefu tofauti ili matundu yalipuke moja baada ya jingine, anawasha, anakwenda kujificha mbali na kuhesabu. Akiwa amejaza matundu kumi, ni lazima asikie vishindo kumi. Akisikia tisa, tundu moja limegoma, na baruti ingali ndani ya mwamba ikimngoja mtu wa zamu ya jioni aje aipige kwa sururu bila kujua. Kwa hiyo anahesabu, anapanda juu, anaandika hesabu kwenye kitabu na kutia sahihi, na zamu ya jioni haishuki mpaka sahihi hiyo imeonekana. "Kuwasha ni kazi ya mtu yeyote," aliniambia. "Kazi yangu ni kusikia." Kila siku ilikuwa saa kumi alasiri. King'ora kililia, pande nyingine zikapigwa kwanza, na upande wa Masanja, uliopita karibu chini ya nyumba zetu, ulipigwa wa mwisho. Nilivisikia vishindo kwa nyayo kabla ya masikio, na vikombe vikigongana taratibu kwenye rafu.

Jirani yetu alikuwa Mama Kulwa, Msumbwa, mama wa mapacha waliokuwa ndio kwanza wanaanza kutembea, na mumewe Baba Kulwa alikuwa mtoboaji katika kundi la Masanja. Alinipokea kama mdogo wake. Siku ya tatu alinikuta nimeshika ufagio saa nne asubuhi, akanipokonya. "Mayu, mume akishashuka shimoni hufagii," alisema, mayu ikiwa ni mama kwa lugha zetu. "Ukifagia, unamfagia yeye. Na moto wako usizime mpaka umwone mlangoni." Nikamuuliza ukizima itakuwaje. "Usizime," akasema, akaendelea kuchambua dagaa wake. Bibi zake walishika mwiko huo wakati waume zao walipokwenda pwani na misafara ya pembe, miezi na miezi, na wale wa kambi waliuhamishia shimoni kwa sababu kwenda chini nako ni safari. Sikuona ajabu. Kwetu pia tulikuwa na miiko yetu, na mwali mgeni anashika anachoambiwa.

Kuangalia moto si ugonjwa. Kila mwanamke anaangalia moto wake. Mimi nilianza kwa kuuangalia, nikarudi ndani, kisha nikajiuliza kama kweli niliuangalia. Nikaenda tena. Macho yaliona kaa jekundu likipumua chini ya majivu, na nilipofika mlangoni moyo ukaniambia hukuona, hilo lilikuwa kaa la jana unalolikumbuka. Ili niwe na ushahidi nikaanza kugusa mafiga, la kwanza, la pili, la tatu, yakiwa na joto. Hilo lilinisaidia wiki moja. Halafu mara tatu ikawa haitoshi, ikawa tatu mara tatu, na mtoto akilia kwa jirani katikati, au kuku akipita, naanza upya. Vidole vyangu vikatoka malengelenge. Nilimwambia Masanja ni mvuke wa sufuria. Kutoka kwenye mafiga likaja komeo la mlango, na kifuniko cha mtungi, na vifungo vya koti lake la kazi, vitano, ambavyo nilivigusa kila asubuhi kabla hajatoka, yeye amesimama wima ananitazama utosini. Mwanzoni alidhani ni mapenzi, na sehemu yake yalikuwa mapenzi. Aliposikia watoboaji wanapita nje wakimwita, akasema, "Milembe, vipo vyote." Nikasema ndiyo, najua, nikaanza tena kwenye kifungo cha kwanza.

Kisha nikaanza kuhesabu vishindo. Nilijua kazi ya Masanja ni kusikia, nikaona si vibaya kumsaidia. Saa kumi nilikaa kwenye kibanda cha jiko, mgongo ukutani, nyayo zimekanyaga chini, nikahesabu. Aliporudi, kabla hajavua viatu, niliuliza, "Matundu mangapi leo?" Akasema, "Kumi na mbili." Na mimi nilikuwa na kumi na mbili. Siwezi kueleza utamu wa dakika ile. Mwili wote ulilegea, nikacheka, nikampakulia nyama kubwa, na Mama Kulwa akasikia kicheko juu ya ukuta akasema, "Haya, hesabu imekubali." Hiyo ndiyo sehemu aliyokuwa akiwasimulia wanawe, nami siikatai. Lakini utamu ule ulidumu mpaka nimalize kuosha vyombo. Nikikausha sinia tayari nilikuwa namuuliza tena, "Ulisema kumi na mbili?" Naye akijibu, nikauliza kama aliandika hivyo hivyo kitabuni, na kama aliyepokea kitabu aliona. Alinijibu kwa upole kila mara. Leo naona kwamba upole ule ulikuwa kuni, lakini hakujua, na mimi nisingekubali kuambiwa.

Mama Kulwa ndiye aliyegundua malengelenge. Hakuuliza mengi; alinichukua Jumapili moja kwa mfumu mmoja upande wa Rwamgasa, mganga mzee aliyesoma matumbo ya kuku. Alimpasua jogoo wetu, akatazama ndani muda mrefu, akasema ni bibi yangu mzaa baba, anadai kuvaliwa shanga. Nikapewa shanga nyeupe na nyeusi, na kwa hiyo nikapata kitu kingine cha kuhesabu. Mama Kulwa alicheka mpaka akakaa chini njiani nilipomwambia zilikuwa arobaini na moja na nilikuwa nimeshazipitia mara nne. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimechoka, uchovu usio wa kazi, wa mtu anayelinda shamba ambalo ndege hawalali.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imeanza kudondoka saa tisa na nusu, matone makubwa machache juu ya bati. Nilikaa mahali pangu. Upande wa Masanja ulipoanza nilihesabu kwa vidole vya mikono yote miwili na nikamaliza na kidole kimoja cha mguu. Kumi na moja. Nikangoja. Mvua ikazidi, hapakuja kingine. Masanja aliingia kama saa kumi na moja, mabega yamelowa, nikamuuliza, akasema kumi na mbili. Nakumbuka chakula cha siku ile, ugali wa mtama na furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, kwa sababu hatukukila.

"Nimesikia kumi na moja," nilisema.

"Ulikuwa chini ya bati, mvua inanyesha."

"Kumi na moja, Masanja."

"Mawili yanaweza kwenda pamoja, ukasikia moja. Mimi nilikuwa kule kule. Ni kumi na mbili, nimeshatia sahihi."

Nilipaswa kunyamaza hapo. Nilijua kwamba napaswa kunyamaza, na hilo ndilo jambo ambalo wasioujua ugonjwa huu hawalielewi. Hukosi akili, akili unayo, imekaa pembeni inakutazama. Nikauliza kama alihesabu mwenyewe au alisaidiwa. Nikauliza kama la saba na la nane hayakukaribiana sana. Nikauliza kama mtu anaweza kuamini amehesabu kumbe amekumbuka hesabu ya jana. Niliuliza mara ishirini, labda thelathini, furu wanapoa, na kila alipojibu nilibadilisha swali kidogo. Kisha nikamwona akifumba macho. Vidole vyake vilikuwa vinagonga goti, kimoja kimoja, vikafika mahali vikasita, vikarudi mwanzo. Shaka ilikuwa imemwingia. Niliijua sura ile kwa sababu ilikuwa yangu, na nitasema ukweli ulioniuma miaka yote hii: kwa nukta moja nilifarijika, kama mtu aliyekuwa amebeba gunia peke yake akaona mwingine ameshika pembe.

Alisimama, akavaa koti bila kufunga kifungo hata kimoja, akakimbia kwenye mvua. Zamu ya jioni ilikuwa imeshakusanyika kwenye mdomo wa shimo, taa za karabai zimewashwa. Akawasimamisha. Alisema hesabu aliyoandika hana hakika nayo, na mtu asishuke. Hawakushuka. Mgodi upande ule ulilala kimya mpaka asubuhi, na asubuhi bwana mkubwa wa baruti alishuka naye, wakasafisha mwamba wote kwa mikono na kukagua kila tundu. Matundu yote kumi na mawili yalikuwa yamelipuka. Hapakuwa na kosa la kusimamisha zamu, bwana mkubwa alisema hivyo mbele ya wote. Kosa lilikuwa kuandika hesabu, kuitia sahihi, kisha kuigeuza. Fundi asiyejua alichokisikia si fundi. Masanja alirudi mchana, akapanda juu ya kitanda, akakitoa cheti kwenye msumari, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaenda kukikabidhi. Hakuniambia neno lolote baya. Alinikuta nimejikunyata jikoni akasema, "Kula na Mama Kulwa, mimi nitachelewa," akaondoka.

Walimpeleka kwenye kinu cha kusagia mawe, juu, kwenye kelele na vumbi, mshahara wa msukuma toroli. Watoboaji waliokuwa wakimwita fundi wakaanza kumwita kwa jina. Alirudi jioni masikio yanamlia, mimi nikimsemesha anageuza kichwa ili nisemee upande uliosikia vizuri. Nilidhani, na ni aibu kuliandika, kwamba angalau sasa nitapumzika. Mume wangu alikuwa juu, kwenye mwanga wa jua, hakuna mwamba wa kumwangukia. Siku ya kwanza ya kazi yake mpya, saa kumi alasiri, king'ora kikalia na nyayo zangu zikakanyaga chini zenyewe. Nikahesabu baruti ya mtu mwingine, fundi nisiyemjua hata kwa sura. Nikahesabu kesho yake na kesho kutwa. Nikagusa mafiga, nikagusa komeo. Ndipo nilipoelewa kwamba wala sikuwa nahesabu kwa ajili ya Masanja. Nilimpotezea kazi yake kwa ajili ya kitu ambacho hata hakikumhitaji yeye. Nililia siku ile kuliko nilivyolia nilipoondoka kwetu.

Nilikuwa bado natumaini kwamba yeye ananilaumu, kwa sababu lawama ningeweza kuibeba. Jumapili moja baada ya misa nilikuwa ndani nakunja nguo, na wao wawili, Masanja na Baba Kulwa, walikuwa barazani upande wa pili na kibuyu chao cha pombe ya mtama. Ukuta ule haukuficha kitu.

"Mimi ningesema," Baba Kulwa alikuwa anasema. "Ningewaambia mke wangu ana maradhi, amenichanganya kichwa. Wangekucheka, lakini cheti ungekuwa nacho."

"Wangemwita ofisini."

"Si wamwite!"

"Wangemwita, wamuulize maswali mbele ya wanaume, naye aanze kuwagusa vifungo vya makoti. Hapana, Baba Kulwa."

"Kwa hiyo uliwaambia kosa ni la masikio yako."

"Aliyetia sahihi ni mimi. Na sikuwa na hakika. Hata kama ni yeye aliyeanza, mwishoni sikuwa na hakika. Walininyang'anya cheti kwa hilo, na walifanya vizuri."

Wakapokezana kibuyu. Kisha Masanja akasema, kwa sauti ya chini niliyoisikia kwa sababu nilikuwa nimeacha kupumua, "Naikosa kazi ile. Nikisikia king'ora naacha nilichoshika nisikilize." Nikakaa kitandani juu ya nguo nilizokwisha kuzikunja. Juu yangu palikuwa na msumari mtupu.

Kesho yake nilimwendea Mama Kulwa nikamweleza yote, mafiga, vifungo, vishindo, maneno ya barazani. Alinisikiliza huku anamwogesha Doto kwenye karai. Nilimuuliza yeye anawezaje, anaushikaje mwiko bila kuliwa nao. Akanitazama kama nimemuuliza jinsi ya kumeza mate.

"Mimi? Mara nyingine nasahau," akasema. "Juzi moto ulizima tangu saa sita, nilikuwa kisimani napiga soga. Baba Kulwa si huyo, karudi, kala, kalala."

"Na uliposahau ulifanyaje?"

"Nikaomba kaa kwako, mayu. Hukumbuki?"

Nilikumbuka. Alikuja na kigae, akachukua kaa, tukaongea habari za bei ya chumvi. Sikujua kama mtu anaweza kusahau jambo kama lile na jua likaendelea kutembea. Sikupona kwa kusikia hivyo, kama ambavyo mwenye njaa hashibi kwa kuambiwa mwenzake amekula. Lakini nilijua kwa mara ya kwanza kwamba upande wa pili wa ukuta ule watu waliishi namna nyingine.

Miezi minne hivi ikapita. Mtama ulikuwa umeshavunwa kwenye vishamba vya kambi wakati nyapara Athumani, mtu wa Tabora, mzee wa kanzu safi, alipokuja barazani kwetu. Fundi aliyechukua nafasi ya Masanja alikuwa ameacha kazi kurudi kwao Bukoba. Bwana mkubwa alikubali Masanja ajaribiwe upya. Akifaulu, cheti kitarudi. Niliyasikia hayo nikiwa namimina maji ya kunywa, na nikamsikia Masanja akijibu bila kufikiri sana.

"Nashukuru, mzee. Kazi ya juu inanitosha."

"Inakutosha vipi, na wewe ni fundi?"

"Nina mke, mzee."

Nilitoka na maji. Nilipiga magoti, nikasema shikamoo, mzee Athumani akaitikia marahaba mwanangu, akapokea kikombe. Sikuinuka. "Ataenda," nikasema. Masanja akageuza lile sikio lake zuri. Mwanamke wa miaka yangu hakuwa anaingilia maneno ya wanaume namna hiyo, na mzee Athumani angeweza kunifukuza. Aliuliza tu, "Unajua unachokisema, mwanangu?" Nikamjibu kwamba sijui, lakini ataenda. Masanja hakuniuliza kitu usiku ule wala wiki nzima ya majaribio. Alifaulu. Asubuhi ya siku ya kushuka alisimama mlangoni amevaa koti, akangoja, mikono imelegea ubavuni, ili nihesabu vifungo. Niliviona vyote vitano. Nilikwenda nyuma kuchota maji, nikabaki huko mpaka niliposikia viatu vyake vikiondoka.

Saa kumi alasiri nilikusudia nisisikie. Nilichukua kinu na mchi nikaanza kutwanga karanga kwa nguvu zangu zote, na nilitwanga mpaka zikawa mafuta, lakini masikio hayana kifuniko na nyayo hazina pia. Vishindo vilipanda kupitia kinu chenyewe. Nilihesabu. Tisa. Baada ya tisa nikasimamisha mchi, nikasikiliza, na palikuwa na kitu kama cha kumi, chepesi, ambacho kingeweza kuwa tundu, kingeweza kuwa mlango wa mtu, kingeweza kuwa moyo wangu. Alirudi. Alikuwa na vumbi jeupe kwenye nyusi na hakujaribu kuficha furaha yake. Akanawa, akaketi, nikaweka ugali na mchuzi wa zile karanga. Akachukua tonge la kwanza akalishika mkononi, hakulila. Alikuwa ananingojea.

"Huniulizi?" akasema.

"Sikuulizi."

"Ni ma—"

"Usiniambie, Masanja. Nakuomba."

Tulikuwa tumekaa hivyo, sinia katikati, zamu ya jioni ilipoanza kupita nje ya dirisha. Walipita wawiliwili, karabai zinaning'inia, wakisalimiana mwadila, mwadila, mmoja anakohoa, mwingine anacheka. Upande wa pili wa ukuta Mama Kulwa alikuwa anamwambia mumewe asisahau kopo la chai, kwa sababu wiki ile Baba Kulwa alikuwa zamu ya jioni, na kundi lake lilikuwa linakwenda mahali pale pale alipopiga Masanja. Nilimsikia akitoka. Nilisikia mapacha wakimfuata mpaka kwenye ngazi na kurudishwa. Kama ni tisa na alijaza kumi, yule ndiye angeshika sururu. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, neno moja, fupi, na jibu lake lilikuwa limekaa hatua moja mbele yangu na tonge mkononi. Jasho lilinitoka mpaka kitenge kikanishika mgongoni. Nilishika ukingo wa sinia. Nyayo zao zikapungua, zikawa za mtu mmoja mmoja wa nyuma, kisha hazikuwepo. Masanja akala. Alikula taratibu mpaka akamaliza, akaramba vidole, akasema, "Wabeja, mayu," asante ya kwetu, ambayo hakuwa ameisema kambini tangu tufike.

Baba Kulwa alirudi asubuhi, akamgombeza mkewe kuhusu chai iliyopoa. Mimi kesho yake jioni niliuliza, hesabu ya siku hiyo mpya. Niliuliza na kesho kutwa, sidanganyi, na nimeuliza mengi mengine maishani, komeo, jiko la mafuta, pumzi za watoto wangu. Kuna miaka mizuri na miaka mibaya. Masanja alifanya kazi ya baruti mpaka mgodi ule ulipofungwa, na nilimzika hapa Shinyanga akiwa mzee wa wajukuu. Katika ugonjwa wake wa mwisho nilikaa naye siku nyingi, tukaongea kila kitu cha kambi ile, na angenijibu lolote ambalo ningemuuliza. La siku ile ya kwanza aliporudi shimoni sikumuuliza. Mpaka leo sijui yalikuwa matundu mangapi.